Anza na Spika, Amplifaya Itafuata

Mwezi wa saba mwalimu mmoja wa sekondari alikuja kutoka Tukuyu na spika mbili za mbao, kazifunga kwa kanga zisichubuke ndani ya basi. Baridi ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, asubuhi hiyo ilikuwa ile ya kukufanya uwashe pasi ya risasi mapema ili upate pa kuotea mikono. "Shikamoo, fundi." "Marahaba, mwalimu, karibu benchi." Spika zilikuwa za marehemu baba yake. Alizinunulia amplifaya mpya, boksi limeandikwa wati 2000, na wiki ya pili twita zote mbili, vile vispika vidogo vya sauti za juu, zikanyamaza. "Fundi, nadhani amplifaya imezizidi nguvu."

Nikaichukua amplifaya nikaifungia rizista mbili kubwa za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) mahali pa spika. Nikaipigia mlio wa hezi 50 kutoka kwenye simu, nikapandisha sauti kidogo kidogo huku mita ikisoma volti. Ilipofika volti 12, skopu yangu ya zamani, mashine ya kuchora mawimbi ya umeme kwenye kioo, ikaonyesha vichwa vya mawimbi vimeanza kukatika. Hesabu yake ni nyepesi: 12 mara 12 ni 144, gawa kwa 8, unapata 18. Wati 18 kila upande ndiyo nguvu safi iliyokuwa ndani ya lile boksi la 2000.

Kwa hiyo twita ziliunguzwa na unyonge wa amplifaya. Mwalimu alikuwa akitafuta sauti ya kujaza sebule, amplifaya imefika mwisho, yeye anaendelea kupandisha. Amplifaya ikiishiwa hukata vichwa vya mawimbi, na wimbi lililokatwa huzaa milio ya juu ambayo haimo kwenye wimbo. Krosova, kile kisaketi kinachogawa sauti za juu na za chini ndani ya spika, haijui kwamba milio hiyo ni uchafu, inaipeleka yote kwenye twita, na koili ya twita ni waya mwembamba kama unywele. Nimebadilisha twita nyingi sana hapa kibandani, na mara nyingi mwenye spika huja na maneno yale yale ya mwalimu.

Ndiyo maana mtu akiniuliza anunue amplifaya gani, mimi huuliza kwanza una spika gani na unasikilizia wapi.

Geuza spika usome mgongo wake. Unatafuta namba tatu. Ya kwanza ni omu: 8, 6 au 4. Kibandiko kikiwa kimebanduka, weka mita kwenye omu, chomoa waya wote, pima pale kwenye nyekundu na nyeusi. Spika ya omu 8 itasoma kama 6 hadi 7, ya omu 4 itasoma 3 na kitu. Usishtuke kwamba namba ni ndogo. Mita inapima waya wa koili peke yake, na omu za kwenye kibandiko ni za spika ikiwa inapiga muziki. Mita isiposoma kitu kabisa, koili imekatika au krosova ina tatizo, na hapo duka la amplifaya lisubiri.

Namba ya pili ni wati ambazo spika inavumilia. Ya tatu watu wengi huiruka, na mimi ndiyo naipenda kuliko zote: unyeti, unaoandikwa kwa desibeli, kwa mfano 88 dB. Maana yake ukiipa spika wati moja na ukakaa mita moja mbele yake, utapata sauti ya desibeli 88. Ukitaka kuongeza desibeli 3, lazima uzidishe wati mara mbili. Ukitaka kuongeza 10, ambazo sikio husikia kama sauti imekuwa kubwa maradufu, lazima wati ziwe mara kumi. Spika ya desibeli 91 yenye wati 20 inapiga sawa na ya desibeli 88 yenye wati 40. Spika kubwa za mbao za zamani mara nyingi ni nyeti, na vijispika vidogo vya kisasa vyenye koni ya inchi 4 huwa vizito kuamka. Ukiwa na spika nyeti, umeshaokoa pesa kabla ya kuingia dukani.

Sasa chumba. Sebule nyingi hapa Mbeya ni kama mita 4 kwa 5, sakafu ya saruji, viti na pazia. Kwa chumba hicho, ukikaa mita tatu kutoka kwenye spika za desibeli 88, muziki wa kawaida wa jioni unatumia wati moja au mbili. Kweli kabisa. Zilizobaki ni akiba ya pale ngoma inapopigwa ghafla, au kwaya yote inapoingia kwa pamoja. Kwa hiyo wati 30 hadi 50 za ukweli kila upande zinatosha nyumba ya kawaida, na kama una jirani mwenye mtoto mchanga zinazidi. Sebule ya Tukuyu isiyo na silingi bodi ni suala jingine: mvua ikipiga bati huko hakuna amplifaya itakayoishinda bila kukuumiza masikio. Kwa mtu wa huko nashauri pesa za kuongeza wati ziende kwenye silingi.

Na bezi. Vijana wananijia wakitaka bezi ya kutikisa dirisha, wanazungusha kitufe hadi mwisho. Kuongeza bezi kwa desibeli 10 ni kuidai amplifaya wati mara kumi kwenye ile sehemu ya chini. Wati 3 zinakuwa 30 bila wewe kugusa volyumu. Mwanangu, kama roho yako ipo kwenye bezi, nunua sabufa yenye amplifaya yake ndani, uiache hii nyingine ifanye kazi ya sauti za watu na magitaa.

Ukijua omu, wati na chumba, ndipo uende dukani. Kwenye amplifaya tafuta neno RMS, yaani wati halisi za kudumu, likiwa limeandikwa pamoja na omu zake, kwa mfano wati 50 kwa omu 8. PMPO iache ilivyo. Ni hesabu ya kilele cha kufumba na kufumbua, na kila kiwanda huipiga kivyake. Amplifaya yenye wati halisi sawa na za spika, au zaidi kidogo hadi mara moja na nusu, ndiyo ninayoipendekeza. Pungufu pia inafaa, mradi mwenye nyumba awe mtu wa kusikia sauti inapoanza kukoroma na kurudisha nyuma papo hapo.

Kama RMS haikuandikwa, soma kibandiko cha umeme mgongoni: inakula wati ngapi? Hakuna kifaa kinachoweza kutoa umeme mwingi kuliko kinaouingiza. Namba hiyo haikupi hesabu kamili, kwa sababu viwanda vingine hupimia sauti ya wastani, lakini uongo mkubwa unanaswa pale. Ile ya mwalimu ilikuwa inakula wati 60. Zile ndogo za adapta ni rahisi zaidi: volti 12 kwa ampea 2 ni wati 24, za pande zote mbili, na hasara ya joto humo humo.

Uzito nao husaidia, lakini kwa aina moja tu. Amplifaya za aina ya AB, zenye transfoma ya chuma na hitisinki kubwa (bati la kupozea joto), zikiwa nyepesi kama mkate ujue ndani hamna kitu. Za aina ya D ni nyepesi kwa asili, hazipotezi umeme mwingi kuwa joto, na nzuri zake ni nzuri kweli. Zamani nilizikataa. Siku hizi hata nyumbani kwangu Uyole ninatumia moja.

Kisha oanisha omu. Nyuma ya amplifaya pameandikwa omu za chini kabisa inazokubali. Ikiandikwa 8 hadi 16, usiifungie spika za omu 4. Zitavuta umeme mara mbili, itachemka, na ikiwa na bahati itajizima yenyewe. Hapa watu wanajikwaa wanapoongeza spika za chumbani. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, kwenye upande mmoja zinakuwa omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa omu 2, na huo ni moto. Ukizifunga kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, zinajumlishwa, 8 na 8 ni 16, sauti inapungua ila amplifaya inapona.

Mitumba ya Japani nitaikalia kidogo, kwa sababu nyingine ni bora kuliko vipya vyote vya bei yake. Tatizo ni umeme. Japani wanatumia volti 100, sisi 230. Nimeona amplifaya safi ya kilo nane ikifa ndani ya sekunde moja kwa sababu mtu alibadilisha plagi tu akaichomeka ukutani. Soma mgongo: ikiandikwa AC 100V bila swichi ya kuchagua volti, lazima uwe na transfoma ya kushushia. Chukua inayotoa 100. Ile ya 110 imepangwa kwa 220, kwa hiyo kwa 230 yetu itakupa 115, na amplifaya itaishi kwa joto. Transfoma iwe na uwezo wa mara mbili ya wati za kibandiko. Inayokula 200, mimi huipa ya VA 500 (VA hapa ihesabu kama wati).

Mtumba haufungwi kwenye spika za baba yako kabla haujapimwa. Washa bila spika, subiri dakika tano, weka mita kwenye volti za DC (umeme kama wa betri), pima kati ya nyekundu na nyeusi ya kila upande. Milivolti chini ya 50 ni afya. Ukiona volti nyingi, mara nyingi transista za mwisho, zile zinazosukuma spika, zimekufa, na volti hizo zitachoma koili ya wufa, spika ya bezi, kimya kimya. Halafu uliza kama transista zilishabadilishwa. Pea ya transista za 2SC5200 na 2SA1943 ina bandia nyingi sokoni, na bandia hupiga vizuri kwa sauti ndogo, zinakufa siku ya sherehe. Volyumu ikikwaruza unapoizungusha, hiyo ni vumbi, inasafishika, itumie kupunguza bei. Mvumo usiokoma wakati volyumu iko sifuri ni kapasita zilizochoka. Zinabadilishika, ila gharama yake iwe kwenye mapatano.

Ndugu zangu wa Makete na vijiji vinavyotumia sola, nanyi mna njia. Bodi ndogo za aina ya D zinaenda kwenye betri moja kwa moja. Kwa volti 12, spika ya omu 8 itapata kama wati 9, na ya omu 4 kama 18, kwa hiyo kwenu spika nyeti za omu 4 ndizo tamu. Msikimbilie kuunga betri mbili ziwe 24 bila kusoma chipu. Chipu ya TPA3116 iliyojaa madukani mwisho wake wa kufanyia kazi ni volti 26, na betri mbili zikiwa zinachajiwa hupanda hadi 28. Na amplifaya za namna hiyo, nyeusi ya kushoto na nyeusi ya kulia zisigusane wala kuunganishwa na bati la gari.

Ukifika nyumbani tumia waya pacha wa shaba wa milimita za mraba 1.5, kwa mita tano unatosha kabisa, hakuna haja ya ule mnene wa kung'aa. Hakikisha nyekundu imeenda nyekundu pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuzwa bezi itapotea, na utanirudishia amplifaya nzima ukidhani ni mbovu. Kama alama zimefutika, gusa spika kwa betri ya volti 1.5: koni ikisukumwa nje, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio nyekundu.

Mwalimu alitoka na mtumba wa wati 45 kwa omu 8 pamoja na transfoma yake, na twita mpya kwenye spika. Nilimwomba jambo moja kuhusu mama yake, ambaye mwalimu mwenyewe aliniambia ni fundi wa kufuma: kile kitambaa kizuri cha nyuzi nyeupe kikae juu ya spika. Juu ya amplifaya pabaki wazi, kiganja kimoja cha hewa, wala isifungiwe kabatini. Mwezi wa sita na wa saba mende nao hutafuta joto, wanaingia kwa matundu ya juu na kufia kwenye bodi. Kila baada ya miezi michache chomoa, subiri, pulizia vumbi kwa brashi laini. Na wingu likianza kunguruma upande wa Rungwe, usizime kwa swichi ukaridhika. Chomoa plagi ukutani, kisha chomoa na waya wa antena, maana radi huingia kwa njia zote mbili.