Jinsi ya kuomba elimu maalumu kwa mtoto wako katika shule za Marekani

Malalamiko ya wazazi wetu wengi ni haya: "Mwalimu nilishamwambia, mwaka umeisha, hakuna kilichofanyika." Kumwambia mwalimu mlangoni si vibaya, ila hakuilazimishi shule kufanya lolote. Toa ombi lako kwa maandishi yenye tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Haki ya elimu maalumu, yaani mafunzo na msaada anaohitaji mtoto mwenye ulemavu, inatoka kwenye sheria ya nchi nzima iitwayo IDEA. Inamhusu mtoto wa miaka 3 hadi 21 ambaye ulemavu unamkwamisha shuleni: usonji, uziwi, uoni hafifu, shida ya kuongea, ulemavu wa akili, kushindwa kusoma au kufanya hesabu, na mengineyo. Hulipi hata senti. Hati za uhamiaji hazihusiki. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 1982, shule ya umma haiwezi kumkatalia mtoto kwa kukosa hati. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, muulize daktari wake kuhusu huduma za jimbo za watoto wadogo. Huo ni mpango mwingine.

Hatua ya kwanza: barua

Iwe fupi. Mpelekee mkuu wa shule, na nakala kwa ofisi ya elimu maalumu ya wilaya ya shule. Unaweza kuandika hivi:

"Mimi ni mzazi wa (jina la mtoto), darasa la tatu. Naomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu. Bado hatambui herufi, na akiambiwa mambo mawili kwa pamoja husahau la pili. Naomba mkalimani wa Kiswahili, na karatasi zote niletewe kwa lugha ninayoielewa. Tafadhali nijibuni kwa maandishi."

Weka tarehe na sahihi. Ukiipeleka kwa mkono, mwombe karani aipige muhuri na akupe nakala; ukituma kwa baruapepe, usiifute. Kuhusu mkalimani, taja Kiswahili cha wapi. Mama wa Uvira, Kongo, akiletewa mkalimani wa Mombasa wataelewana, lakini mambo ya kitaalamu yanaweza kupotea njiani. Na kama nyumbani mnaongea Kibembe au Kinyamulenge, semeni hivyo, msiseme Kiswahili kwa kuona kwamba ndicho shule inachokijua.

Hatua ya pili: jibu la shule

Shule ikikubali, itakuletea fomu ya ridhaa ya kumpima mtoto. Ikikataa, lazima ikuandikie sababu. Jibu ambalo familia zetu husikia sana ni "tusubiri kwanza ajue Kiingereza." Hapo simama imara. Kutojua Kiingereza si ulemavu, na sheria inakataza mtoto kuhesabiwa mlemavu kwa sababu hiyo peke yake. Lakini pia si sababu ya kumnyima tathmini. Kama hata kwa lugha ya nyumbani alichelewa kuongea, au wadogo zake wamempita, liandike hilo.

Sahihi yako kwenye fomu ya ridhaa ndiyo inayoanzisha hesabu ya siku. Sheria ya nchi inatoa siku 60 za kumaliza tathmini, ingawa majimbo yanaruhusiwa kuweka muda wao. Texas, kwa mfano, ni siku 45 za shule. Kukubali apimwe si kukubali ahamishwe darasa. Hilo utaombwa ridhaa nyingine.

Wapimaji watauliza historia ya mtoto. Waambie alisoma wapi, miaka mingapi, kwa lugha gani. Aliyeanza shule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kwa mtaala wa Kongo na aliyekaa miaka miwili bila shule hawafanani, na bila habari hiyo matokeo yanaweza kupotoka. Usione haya kutaja kifafa, degedege, malaria kali au uzazi uliokuwa mgumu. Huko nyumbani mambo haya hufichwa kwa kuogopa maneno ya watu. Hapa ukiyaficha unamnyima mtoto msaada.

Hatua ya tatu: kikao cha IEP

Mtoto akionekana anastahili, ndani ya siku 30 kikao hukaa kuandika IEP, yaani mpango wake wa masomo. Wewe ni mjumbe kamili wa kikao hicho, si mgeni. Mkalimani ni jukumu la shule. Usikubali kaka wa mtoto atolewe darasani akatafsiri. Ruhusa unayo ya kuja na ndugu au mtu wa jumuiya.

Lengo lisiloweza kupimwa usilipitishe. "Atasoma vizuri zaidi" halitoshi. Liseme atasoma maneno mangapi kwa dakika kufikia lini. Huduma nayo iandikwe: nani anaitoa, dakika 30 mara ngapi kwa wiki, ndani ya darasa au nje. Usipoelewa, chukua karatasi ukasomewe nyumbani kabla ya kutia sahihi. Huduma za mara ya kwanza hazianzi bila ridhaa yako.

Akikosa sifa za IEP, uliza kuhusu Kifungu cha 504 cha sheria ya 1973 inayokataza kuwabagua wenye ulemavu, ambacho kinaweza kumpatia muda wa ziada kwenye mtihani au kiti cha mbele. Usiporidhika na tathmini ya shule, unaweza kudai nyingine ya mtaalamu wa nje kwa gharama ya wilaya. Wilaya ikikataa kulipa, lazima iende kuitetea tathmini yake mbele ya msikilizaji wa shauri. Malalamiko kwa jimbo kwamba shule imevunja sheria yapelekwe ndani ya mwaka mmoja tangu kosa litokee. Kila jimbo lina kituo cha kuwasaidia wazazi wa watoto hawa, bure. Kipigieni simu mapema.

IEP hupitiwa kila mwaka, na tathmini hurudiwa angalau kila baada ya miaka 3. Mkihama jimbo, kama wengi wetu tunavyofuata ndugu au kazi, beba nakala ya IEP mkononi na umkabidhi karani siku ya kumwandikisha mtoto. Shule mpya inatakiwa kumpa huduma zinazolingana na zile za awali wakati inapanga za kwake.