Mazingira ya chuo Mtwara na Lindi: anzeni na jiko, koki na kalenda ya mvua

Huku Kusini mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza kuelekea Desemba na kukatika Aprili au Mei. Wanafunzi wa vyuo vikuu nao hufunga mwaka mnamo Julai na kurudi Oktoba au Novemba. Ndiyo maana miche inayopandwa Januari kwa picha na vigelegele hubaki peke yake katika miezi mikavu kuliko yote, na rundo la mboji hukauka mpaka mchwa wakahamia humo. Klabu za mazingira hazikosi ari. Zinachokosa ni mtu wa Agosti.

Kwa hiyo kabla ya kuchapisha fulana, kila kazi iandikiwe majina mawili: mwanafunzi atakayeifanya wakati wa muhula, na mtumishi wa chuo anayebaki likizo na mwenye ufunguo wa stoo. Anaweza kuwa mtunza bustani, mlinzi au mama wa jikoni. Kazi isiyo na jina la pili msiianze.

Wiki moja ya kupima

Azimeni mizani ya kuning'iniza, ya kilo 50. Kwa siku saba mfululizo, Jumamosi na Jumapili zikiwemo, pimeni ndoo zinazotoka bwaloni katika mafungu matatu: maganda na mabichi, makombo yaliyopikwa, na takataka nyingine. Andikeni na idadi ya waliokula siku hiyo, maana bila hiyo kilo hazina maana. Ukoko na ugali uliobaki ukiwa mwingi kila Ijumaa, tatizo si ndoo, ni kwamba mzabuni anapika kwa idadi ya Jumatano ilhali wengine wameshaondoka kwenda nyumbani. Hapo daftari la kujiandikisha chakula hadi saa nne asubuhi linaokoa kuliko pipa lolote.

Wiki hiyohiyo someni mita ya LUKU saa nne usiku na tena saa kumi na moja alfajiri. Tofauti ya uniti ni umeme unaoliwa watu wamelala. Fanyeni hivyohivyo kwa mita ya maji: koki zote zikiwa zimefungwa, mita ikiendelea kuzunguka kuna bomba linalovuja ardhini. Kwenye mchanga wetu maji hunywea chini bila kutokeza dimbwi, kwa hiyo msitegemee macho.

Jikoni

Serikali imekwishaagiza taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Mjini Mtwara TPDC, shirika la taifa la petroli, imeshaunganisha gesi asilia kwenye baadhi ya nyumba na taasisi, basi waulizeni kwanza kama bomba linapita karibu nanyi kabla ya kununua mitungi mikubwa. Kuna kosa moja la kuangalia hapa: jiko lililotengenezwa kwa gesi ya mitungi haliwaki vizuri kwa gesi asilia mpaka nozeli, yaani kile kitundu cha kutolea gesi, kibadilishwe. Ya gesi asilia ina tundu kubwa zaidi. Kazi hiyo afanye fundi wa gesi, si fundi wa kila kitu.

Nishati yoyote mnayotumia, maharage na mbaazi kavu vilowekwe kwa muda wa saa 8 hadi 12, maji ya kulowekea yamwagwe, na sufuria ifunikwe. Kwa joto la pwani, vikilala humo kupita muda huo maji hufanya povu na kuchacha. Loweka usiku baada ya kuosha vyombo, si mchana wa jana yake.

Mboji, na hapa pana maneno

Kipimo cha chini cha rundo linalopata moto ni mita 1 kwa mita 1 kwa urefu wa mita 1. Hizo ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Uwiano unaofanya kazi ni ndoo tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi, kwa hiyo rundo moja linataka ndoo 12 au 13 za maganda na kama 38 za majani makavu. Jiko likitoa ndoo mbili za maganda kwa siku, rundo linajaa kwa siku sita. Mboji haiivi chini ya miezi miwili hadi mitatu, maana yake mtakuwa na marundo kumi na zaidi kwa wakati mmoja. Rundo likisinyaa nusu, liunganisheni na jirani yake. Hata hivyo tengeni eneo la mita 10 kwa 4, chini ya mwembe au penye kivuli kingine, na koki isiwe mbali. Wengi hutenga kona ya mita mbili, na mwezi wa pili wanarudi kuchoma taka.

Chini kabisa laza makumbi ya nazi au vijiti, kimo cha sentimita 15, hewa ipite. Juu yake majani makavu sentimita 20, kisha maganda sentimita 5 hadi 7, kisha koleo moja la mboji ya zamani au samadi, halafu maji. Rudia, na tabaka la mwisho liwe la majani. Shika konzi katikati ya rundo na ukamue kwa nguvu: litoke tone moja au mawili. Yakichuruzika ongeza vikavu. Lisipotoka kitu, mwagia ndoo mbili huku ukigeuza, kwa sababu maji ya juujuu hayafiki ndani.

Siku ya tatu chomeka fito ya chuma katikati, iache dakika kumi, ichomoe uishike. Iwe ya moto kiasi cha kushindwa kuivumilia mkononi. Ikiwa vuguvugu tu, rundo ni dogo, kavu mno au halina maganda ya kutosha. Geuza kila baada ya siku 7 hadi 10, ya pembeni yaingie katikati.

Harufu inajieleza. Ikinuka kama mkojo wa farasi, maganda yamezidi, ongeza majani. Ikinuka kama yai viza, imelowa na haina hewa; geuza leo, usingoje kesho. Mchwa wakiingia, pamekauka. Panya wakionekana, kuna mtu ametia ugali.

Hilo la ugali ndilo litakalowasumbua kuliko yote, kwa sababu anayekwangua sahani si mwanaklabu. Ndoo zikae pale pale dirisha la kurudishia vyombo, si uani, na zitofautiane rangi. Mama wa jikoni aelezwe kwa adabu, na aelezwe sababu: "Shikamoo mama. Hii ya kijani ni ya maganda na michicha tu, ukoko na mifupa ya samaki vinaleta panya. Hivyo tia kwenye nyekundu, anakuja kuchukua mwenye kuku." Makombo yaliyopikwa mpeni mfugaji wa kuku au bata wa jirani kila siku, na ndoo irudi imeoshwa. Maganda mabichi ya muhogo asiwape mifugo moja kwa moja, kwani yana sumu ya sianidi. Yaanikwe juani siku mbili tatu kwanza. Kwenye mboji hayana shida, ila yakatwekatwe.

Kuna mambo mawili ya huku ambayo miongozo ya kutoka kwingine haitawaambia. Mabibo yanayooza chini ya mikorosho ya chuo kuanzia Oktoba yana sukari na maji mengi na huvuta nzi: yatieni, lakini kwa ndoo nne za majani kwa moja, na yafukiwe katikati. Maganda magumu ya korosho msiyatie kamwe, wala kuyachoma jikoni. Mafuta yake hubabua ngozi na moshi wake unawasha macho na koo.

Majani makavu hupatikana kwa wingi kiangazi, na yanahitajika kwa wingi wakati wa mvua. Kusanyeni kuanzia Julai, jazeni magunia, wekeni penye paa. Gunia kubwa linabeba kama ndoo sita, basi hesabuni magunia sita au saba kwa kila rundo. Mkiyasahau, Februari mtakuwa na matope ya maganda na hakuna cha kuchanganyia.

Maji ya paa

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bweni la mita 20 kwa 8 lina paa la mita za mraba 160; mvua ya milimita 20, ukitoa asilimia 20 inayopotea, inaleta lita 2,560. Simtanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua mbili nzuri. Raha hiyo isiwadanganye: watu 100 wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunawa na kudeki, tangi limeisha siku ya kumi. Kwa ukubwa huo mnapunguza bili ya miezi ya mvua, hamvuki kiangazi. Anayetaka kuvuka Septemba ajenge tangi la makumi ya maelfu ya lita, na hilo ni suala la bajeti ya chuo, si michango ya klabu.

Gata ziwe za plastiki. Hewa ya chumvi hula gata za bati na misumari yake mapema. Mteremko ni nusu sentimita kwa kila mita. Kwa ukuta wa mita 20 mwelekeo mmoja unashuka sentimita 10 na maji huruka ukingo, hivyo gawanyeni katikati, mita 10 kila upande, mabomba mawili ya kushushia. Vishikizo kila sentimita 60.

Maji ya mwanzo yana vumbi, majani na kinyesi cha kunguru, na hayafai kuingia tangini. Tengeni nusu lita kwa kila mita ya mraba, yaani lita 80 kwa paa hilo. Mafundi wengi huweka kipande cha bomba la inchi 4 chenye mita moja na nusu wakasema inatosha. Bomba hilo linabeba kama lita 8 tu kwa mita. Tumieni pipa la lita 100: maji yaingie humo kwanza, likijaa yapite kwenye kiungo cha T kwenda tangini. Chini ya pipa toboeni tundu la milimita 3 lijimwage lenyewe kabla ya mvua nyingine. Tundu hilo huziba kwa mchanga, msafishe kila wiki.

Lita 5,000 ni tani 5. Juu ya mchanga tangi huzama upande mmoja na kupasuka kwenye maungio, basi mwageni zege la sentimita 10 hadi 15 lililopimwa usawa. Wavu wa mbu uwe mdomoni na kwenye bomba la kufurikia pia, ambalo ndilo linalosahaulika. Ya kunywa yachemshwe au yatiwe vidonge vya klorini.

Koki inayodondosha tone kila sekunde inapoteza zaidi ya lita 20 kwa siku. Dawa yake ni wosha, yaani kile kipira cha ndani ya koki. Tangi la choo lipimeni kwa kutia rangi ya chakula na kusubiri dakika 15 bila kuvuta. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini umekwisha.

Umeme na taka, kwa kifupi

Taa 40 za mirija ya wati 36 zikibadilishwa kwa LED za wati 18, kwa saa 10 kila usiku, zinaokoa uniti 7.2 kwa siku. Hita ya kuchovya kwenye ndoo inakula wati 1,000 au zaidi, na marufuku peke yake huifanya ifichwe tu chini ya kitanda. Wekeni birika la pamoja sebuleni.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo kinachobaki ni chupa. Muuza duka wa chuo akikubali kujaza chupa ya mtu maji yaliyotibiwa kwa bei nafuu, mapipa yatapungua yenyewe. Chupa zitakazobaki zikanyagwe, zifungwe kwenye viroba, ziuzwe kwa kilo. Mnunuzi hafuati mzigo mdogo, basi ulizeni anaanzia kilo ngapi kabla ya kuanza kukusanya. Pedi zisichanganywe na chochote: ndoo yenye mfuniko kila choo cha wasichana, na kichomea taka.

Miti kwa kadiri ya ndoo

Mche mmoja kiangazi unataka lita 20 mara mbili kwa wiki. Miche 30 ni lita 1,200 kwa wiki, na kwa wiki 12 za likizo ni lita 14,400. Kama hamna maji hayo wala wa kuyabeba, pandeni miche minane. Shimo liwe sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na ndoo ya mboji, matandazo ya sentimita 10 yasiguse shina. Pandeni mvua ikishashika, Desemba au Januari. Mwarobaini na mkwaju huvumilia ukame; mkorosho unataka nafasi ya mita 12, usiubananishe na bweni.

Wiki ya mwisho kabla ya kufunga

Geuzeni kila rundo, limwagieni vizuri, lifunikeni kwa makuti. Sombeni magunia matupu stoo. Fungeni koki kuu za mabweni yasiyo na watu, zimeni majokofu na muache milango yake wazi. Someni mita zote mbili mbele ya mtumishi anayebaki, muandike kwenye daftari lake, na mumwachie ndoo mbili, toroli isiyopwaya gurudumu na orodha ya miche yenye namba. Posho yake ya kumwagilia ipitishwe na msarifu mwezi Mei, kwa sababu mwisho wa Juni ofisi nayo inafunga hesabu za mwaka.