Somo: Mtoto akikataa chakula, si lazima awe anadeka

Mwanangu alifika miaka 4 akila vitu vitatu tu: ugali mweupe mkavu, mandazi na chai ya maziwa. Mchuzi ukigusa ugali, sahani nzima imeharibika. Majirani hapa Kisumu walisema nimnyime mpaka njaa imfunze. Nilijaribu. Alishinda na njaa mpaka jioni, na nilipomshika kidevu nimlishe uji, akatapika. Naijutia siku hiyo hadi leo.

Hali hii huitwa ARFID (kifupi cha Kiingereza cha tatizo la kukwepa au kubana chakula), na iliingia katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 2013. Haihusu kutaka kukonda. Wapo watoto wanaochafukwa roho na harufu au utelezi (fikiria mrenda), wapo waliowahi kukwamwa wakaogopa kumeza, na wapo wasiohisi njaa kama wenzao. Wenye usonji huipata zaidi.

Hatua ya 1: Nenda kliniki na kijitabu chake. Apimwe uzito, urefu, damu, meno, na aulizwe habari za choo. Upungufu wa madini ya chuma wenyewe hukata hamu ya kula. Kwa walio na miezi 6 hadi miaka 5, utepe wa kupima unene wa mkono wa juu ukisoma chini ya sentimita 11.5, hiyo ni dharura.

Hatua ya 2: Panga saa. Wangu alikunywa chai tangu asubuhi hadi jioni, tumbo likajaa. Niliondoa kikombe kimoja kimoja, nikaweka maji kati ya milo.

Hatua ya 3: Acha kulazimisha. Wewe amua chakula gani na saa ngapi; kiasi aamue yeye. Mezani kisikose kitu anachokiamini.

Hatua ya 4: Mzoeshe chakula kipya polepole. Hapa ndipo penye kazi. Niliweka omena (dagaa) moja ya kukaanga kwenye kisahani kando, mbali na ugali wake. Siku za kwanza aligeuza uso. Baadaye akaigusa kwa ncha ya kidole, akanusa kidole. Wiki ya sita akakivunja kichwa cha omena, akang'ata mkia, ukalia kwa meno, akairudisha. Sikusema neno. Nilienda jikoni nikalia. Mtoto wa kawaida huweza kuhitaji kuonja mara 10 hadi 15. Hawa huhitaji zaidi.

MASWALI

Mama, Kondele: Nikisaga omena nimfiche ndani ya ugali?
Hapana dada. Akigundua, atauacha na ugali wenyewe, na ndio pekee aliokuwa anauamini.

Baba, Nakuru: Wangu wa miaka 7 alikwamwa na mfupa wa samaki aina ya ngege. Sasa ni uji tu.
Pole sana baba. Hiyo ni hofu. Anza na vilaini, viazi vilivyopondwa kisha ndizi, na mtafute mwanasaikolojia wa watoto. Akikataa hata vinywaji, akikosa kukojoa au akizimia, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Mama, Ahero: Kuna dawa ya kuongeza hamu?
Hakuna dawa maalumu ya ARFID. Usinunue chupa dukani bila daktari.

Mama, Kondele: Na nyanya yake anayemlisha kwa nguvu?
Usigombane naye, dada. Mwombe aketi karibu na mjukuu, ale omena zake mwenyewe. Wangu alianza kunusa kidole siku nyanya yake alipokuwa anakula kando yake.