Kutafuta Tiba ya Kunyonyoka Nywele Nairobi

Kabla ya kuuliza kliniki ipi ni bora, uliza kwanza nywele zinatoka kwa nini, maana kunyonyoka nywele si ugonjwa mmoja. Mwanamke ambaye nywele za pembeni mwa paji la uso zimeisha kwa sababu ya rasta zilizokazwa mno hahitaji dawa ya mwanamume aliyerithi upara. Mtoto mwenye mashilingi, yaani choa cha kichwani, hatapona kwa mafuta ya kupaka peke yake, kwa kuwa kuvu hupenya hadi ndani ya unywele na huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Naye mama aliyejifungua miezi mitatu iliyopita huenda asihitaji dawa yoyote. Kutokwa na nywele 50 hadi 100 kwa siku ni jambo la kawaida.

Hali isiyopaswa kusubiri ni ile inayoacha makovu. Kwa wanawake wengi wa Kiafrika huanzia utosini, pengine kwa kuwasha au kuchoma, kisha ngozi huwa laini na yenye kung'aa. Shina la unywele likishakufa na kuwa kovu, hakuna dawa ya kulirudisha, na kazi ya daktari inabaki kuzuia uharibifu usienee. Ukiona dalili hizo, acha majaribio ya mafuta ya saloni na umwone daktari wa ngozi mapema.

Mwenye kipato kidogo anaweza kuanzia katika hospitali ya umma iliyo karibu, kama vile Mbagathi au Mama Lucy Kibaki, na kuomba barua ya rufaa ya kwenda Hospitali ya Taifa ya Kenyatta iwapo tatizo ni gumu. Wenye uwezo wa kulipa hupata madaktari wa ngozi wa binafsi, hasa Upper Hill na Parklands. Ikiwa unatumia bima, uliza mapema kama italipa, kwa sababu kampuni nyingi huhesabu tiba ya upara kuwa urembo.

Popote uendapo, tafuta jina la daktari katika orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, inayopatikana kwenye tovuti yake, na uhakikishe kwamba leseni yake ni ya mwaka huu na kwamba kituo chenyewe kimesajiliwa. Mtu anayejiita mtaalamu wa nywele si lazima awe daktari, hata akivaa koti jeupe.

Siku ya miadi, fumua nywele, vua wigi, usipake mafuta, na ubebe orodha ya dawa unazotumia pamoja na picha za zamani. Daktari makini atauliza kuhusu homa, uzazi, lishe na dawa za kulainisha nywele, ataikagua ngozi ya kichwa kwa karibu, na huenda akaagiza vipimo vya damu vya madini ya chuma na tezi ya shingo, au akakata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Kliniki inayokuuzia mfululizo wa sindano kabla ya mtu yeyote kukutazama kichwa, ondoka. Ukishauriwa kupandikizwa nywele, uliza ni nani hasa atakayeishika kazi hiyo, daktari au msaidizi wake.

Ukiandikiwa minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, jiandae kwa subira: nywele zinaweza kuzidi kutoka katika wiki za mwanzo, matokeo huanza kuonekana baada ya miezi mitatu hadi sita, na ukiiacha, faida hupotea. Finasteridi, dawa ya kumeza ya upara wa kurithi, ni ya wanaume. Mwanamke mjamzito hapaswi hata kushika kidonge chake kilichovunjika. Nunua dawa hizi katika famasia iliyosajiliwa, udai risiti, na upige picha ya kichwa kila mwezi mahali penye mwanga uleule ili ziara ya marudio iwe na cha kulinganisha.