Kufunga Inverta na Soketi katika Trela ya Kulala

Anayetoka Kisumu na trela yake kwenda kulala karibu na Ziwa Nakuru huhitaji taa, chaja na labda friji ndogo, lakini wengi hununua kwanza inverta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa volti 240 kama wa nyumbani, ndipo waanze kupiga hesabu. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 hubeba takriban wati-saa 1,200, na ikiwa ni ya asidi inafaa utumie nusu tu ili isichakae mapema. Birika la umeme la wati 2,000 lingeimaliza nusu hiyo kwa chini ya dakika 20. Chai ipikwe kwa gesi.

Kazi nzito iko upande wa volti 12, ambao watu huudharau kwa sababu haumpigi mtu shoti. Inverta ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 80 kutoka kwenye betri, kwa hiyo waya mwembamba hupata moto hadi plastiki yake ikayeyuka. Weka inverta umbali usiozidi mita moja na nusu kutoka kwenye betri, tumia nyaya za shaba za milimita mraba 35, kisha funga fyuzi ya ampea 125 kwenye waya chanya, sentimita chache tu kutoka kwenye betri, kwani kipande kinachotangulia fyuzi hakina ulinzi wowote. Ncha za nyaya zibanwe kwa koleo lake maalumu, si kulehemiwa tu, maana matuta ya njiani ni mengi. Betri ya asidi hutoa gesi inayolipuka inapochajiwa. Usiifungie sanduku moja na inverta.

Kwa volti 240, tumia waya wa nyuzi nyingi wa milimita mraba 2.5, wala si ule mgumu wa nyumbani, na soketi za kawaida za pini tatu. Waya wa erthi uunganishwe na chasi. Ongeza kifaa cha kukata umeme unaovuja, cha miliampea 30, ukijua kwamba hakitafanya kazi ipasavyo ikiwa nyutro ya inverta, yaani waya wa kurudishia umeme, haijaunganishwa na erthi. Muungano huo ufanywe tu pale kitabu cha inverta kinaporuhusu, kwa sababu baadhi ya inverta za bei nafuu huungua papo hapo. Hapo ndipo ningemwita fundi wa stima mwenye leseni.

Ukitaka pia kutumia stima ya kambini, weka swichi ya kubadilisha, ili vyanzo viwili visikutane kamwe. Mwishowe washa taa moja, kisha friji, na baada ya dakika kumi gusa plastiki ya nyaya nene: ikiwa ni ya moto, zima na ukague viungo.