Kabla fundi hajamwaga zege la rampu

Natumia kiti mwendo, naishi Temeke, na mafundi wa mtaani wamezoea kuniita wanapojenga rampu, ile njia ya mteremko ya kupandia mlangoni bila ngazi. Huwa naenda na tepu yangu mwenyewe.

Anza na kimo cha kibaraza. Kila sentimita 1 ya kimo inadai sentimita 12 za urefu, kwa hiyo kibaraza cha sentimita 30 kinataka rampu ya mita 3.6. Hapo mwenye jengo ataanza kulia na maegesho yake. Mkumbushe kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Kuna ofisi moja walijenga rampu fupi ili kuokoa nafasi. Nilipofika katikati magurudumu ya mbele yakanyanyuka, nikashuka kinyumenyume mlinzi akinishika mabega.

Upana usipungue sentimita 90. 120 ni raha zaidi. Pembeni weka kingo ndogo, maana gurudumu likitoka nje ya rampu ndiyo basi tena. Juu, mbele ya mlango, acha tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5. Mlango ukifungukia nje na hakuna pa kurudi nyuma, unabaki unautazama tu.

Vigae vinavyong'aa, hapana. Zege likiwa bado bichi, pitisha ufagio wa chelewa kukatiza rampu, mistari ibaki. Mvua ya masika ikinyesha utanishukuru.

Na chini isiishie kwenye mtaro usio na mfuniko, wala bodaboda zisipageuze kijiwe.