SOMO: Nyoka kagoma kula, yule panya unampeleka wapi? (kwa wenye nyoka zaidi ya mmoja)

Wadau habari zenu. Hili somo ni la wale wanaofuga nyoka kadhaa nyumba moja, hasa tulioko huku Marekani na Ulaya ambako panya wa kulishia tunawanunua wameshagandishwa. Ukiwa na nyoka mmoja akagoma, unatupa panya yanaisha. Ukiwa nao sita au nane halafu wawili watatu wakagoma usiku mmoja, hapo ndo unajikuta unamchukua panya wa huyu unampa yule ili hela isipotee, na wengi wetu tunafanya hivyo bila kujiuliza yule wa kwanza alikuwa na nini. Utitiri, kriptosporidiamu (kimelea cha tumboni), virusi vya serpento kwa chatu, virusi vya reptarena kwa boa na chatu, vyote hivyo vinaweza kuhamishwa na mikono yako na vitu unavyozungusha toka tanki hadi tanki, na baadhi havina dawa mpaka leo. Panya aliyetemewa mate ni mmoja wa vitu hivyo.

Mi msimamo wangu ni huu: panya aliyekataliwa anashuka tu, hapandi. Anaweza kutoka kwa nyoka mzima unayemjua siku nyingi kwenda kwa mwingine, lakini akishaingia kwa mgeni au mgonjwa safari yake imeishia hapo.

Hatua ya 1: Panga foleni kabla hujatoa kitu friza

Hapa ndo penye kazi yote, ukipanga vizuri huku mwisho hutahangaika. Wanaosumbua kula lakini ni wazima waanze (kwa wengi wetu ni wale bolpaithoni, chatu wafupi wa Afrika Magharibi, dume likiamua kugoma msimu wa baridi linaweza kukaa miezi), wafuate walafi ambao hawakatai kitu kama konsneki na kingisneki (nyoka wasio na sumu wanaofugwa sana), halafu waliopo karantini, yaani waliotengwa kwa kuwa ni wageni au wagonjwa, mwisho kabisa, hata kama wanaonekana wana njaa kuliko wote. Karantini yenyewe watu wengi wanaweka siku 30 hadi 90, mi nashauri 90.

Na angalia saizi. Panya asizidi unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi, kwa hiyo panya wa chatu mkubwa hawezi kumwokoa konsneki mdogo, ukilazimisha atamtapika siku mbili tatu baadaye na hapo umempoteza panya na umemuumiza nyoka. Kwa hiyo foleni ipange wanaolingana saizi wafuatane.

Hatua ya 2: Yeyusha pungufu

Nyoka mwenye macho yaliyofifia kama yamemwagiwa maziwa anajiandaa kujivua gamba, huyo usimhesabu kabisa wiki hiyo. Anayegoma mara kwa mara naye usimtolee panya wake, mjaribu kwa panya wa mlafi anayemfuata, akikubali ndo unaenda kumtolea mlafi mwingine. Walafi wanasubiri bila shida, hata kesho.

Kuyeyusha ni ndani ya kontena lenye mfuniko kwenye friji usiku kucha, halafu kwenye mfuko uliofungwa unamtumbukiza maji ya moto wa wastani, kama nyuzi 38 mpaka 40, apate joto la mwili. Maikrowevu hapana jamani, anaiva nje ndani bado barafu au anapasuka tumbo. Bakuli liwe la nyoka tu lisirudi jikoni, maana friza haiui salmonela, bakteria wa kuharisha. Mwaka 2010 huku Marekani kampuni moja ilirudisha panya wake wa kugandishwa sokoni baada ya watu kuugua, kwa hiyo hili halihusu nyoka peke yake, kama una mtoto mdogo ndani lichukulie kwa uzito mara mbili.

Hatua ya 3: Kulisha

Kila nyoka kwenye tanki lake, hakuna kulisha wawili pamoja, wakishika panya mmoja pande mbili mmoja anaweza kummeza mwenzake, na kingisneki porini anakula nyoka wengine kabisa. Tumia koleo ndefu. Akimnusa akageuza kichwa subiri dakika chache, mjaribu tena, basi.

Hatua ya 4: Kumhukumu panya

Kama amebaki kwenye koleo muda wote, hakung'atwa, hakuguswa, bado ana joto, na aliyemkataa ni mzima, mpe anayefuata muda huo huo. Aking'atwa akaachwa, au akabanwa halafu akatemwa, ni pipa. Aliyelazwa ndani ya tanki usiku kucha kwa ajili ya nyoka mwoga naye ni pipa asubuhi, hata kama anaonekana mzima, tanki lenye nyuzi 30 linamwozesha haraka kuanzia tumboni. Usimrudishe friza kusubiri wiki ijayo.

Hatua ya 5: Kutupa na kuandika

Mifuko miwili, funga, kama siku ya taka iko mbali mweke friza kwenye boksi lililoandikwa TAKA. Chooni usitupe, paka na mbwa usiwape. Osha koleo kwa maji ya moto na sabuni kwanza, ndo uliloweke kwenye dawa ya kuua vijidudu. Halafu andika nani kagoma tarehe gani na uzito wake.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Dallas: Mkuu, boa wangu wa mchangani wa Kenya hali kwenye koleo hata siku moja, mpaka nimwachie usiku. Kila siku natupa?

Jibu: Yule anawinda akiwa amejifukia, koleo linamtisha. Mwachie panya juu ya kisahani upande wa baridi asijae mchanga, taa zima, na ni mdogo kwa hiyo panya wake wa bei ndogo. Huyo akikataa ndio, unatupa.

Dada wa Leicester: Bolpaithoni wangu hajala miezi miwili, nina wasiwasi kaka.

Jibu: Dada mpime uzito kila wiki mbili na uangalie themostati kwanza, joto likishuka hawali. Uzito ukisimama pale pale tulia. Ukipungua kama asilimia 10, au ukisikia anapumua kwa mlio au ana mate mdomoni, daktari wa mifugo anayejua nyoka, na panya wake asiguse mwingine yeyote.

Mdau wa Nairobi: Na sisi wa huku tunaolisha panya hai?

Jibu: Ndugu, kwanza kwenu kibali cha KWS (shirika la wanyamapori la Kenya) ni lazima. Panya hai usimwache peke yake na nyoka asiye na njaa, anamtafuna nyoka mgongoni mpaka kwenye mfupa. Kaa hapo hapo, dakika kama 15 hajamgusa, mtoe. Na huyo panya aliyetoka usimpeleke tanki lingine, ameshakanyaga mavi na pengine amebeba utitiri kwenye manyoya.

Mdau wa Dallas: Koleo nikiloweka kwenye jik inatosha?

Jibu: Kwa bakteria na virusi vingi inasaidia, kriptosporidiamu haisikii jik. Ndo maana wa karantini ana koleo lake, lenye utepe mwekundu, na halitoki chumba kile.